Memwari kuhusu jamii ya Haut-Katanga: ankete ya Lubumbashi na Likasi inatosha?

Mwanafunzi_Katuba

Jambo yenu wote. Naomba ushauri wa wanaojua kazi ya ankete (utafiti wa kuhoji watu). Memwari yangu (kazi ya kumaliza chuo) ni ya sosiolojia, kichwa chake ni "Familia na riziki katika jamii ya Haut-Katanga", yaani jimbo letu hili la Kongo. Nimepanga kuhoji watu 384, wote wa mjini: komini (sehemu za mji) za Katuba, Kenya na Ruashi hapa Lubumbashi, halafu mji wa Likasi. Sababu yangu ni kwamba mtu wa huko mbali vijijini, wa Kasenga, wa Pweto au wa Mitwaba, kila mmoja ana ndugu mjini, na mambo makubwa yote yanapita hapa. Wenzangu wa darasa wanabisha. Nina miezi mitatu na nauli ya kuhesabu. Je, niongeze vijiji? Vingapi? Nitavichaguaje na hakuna orodha ya wakaaji?

Yaya_Hesabu

Mdogo wangu, hiyo 384 inatoka kwenye fomula ya 1.96² × 0.25 ÷ 0.05², ile ya kosa la makadirio la asilimia 5. Fomula hiyo inadai kila mtu wa jamii unayoitaja awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Kwa mpango wako mtu wa Mitwaba ana nafasi sifuri. Hata ukihoji watu 3,000 wa Katuba, sifuri yake itabaki palepale. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2018 yaliwaweka mijini kama asilimia 44 tu ya Wakongo, kwa hiyo unaowaacha nje si wachache.

Kuhusu orodha: sensa ya mwisho ya nchi ni ya 1984, usiitumie kuchagulia vijiji. Nenda kwenye ofisi ya zoni ya afya. Kila zoni imegawanywa katika maeneo ya afya, na kila eneo lina orodha ya vijiji pamoja na idadi ya watu inayotumika kupanga chanjo. Idadi hizo mara nyingine zimekuzwa, lakini majina ya vijiji ni ya kuaminika kuliko karatasi nyingine yoyote utakayopata.

Panga vijiji na kartie (mitaa) zote kwenye orodha moja, jumlisha watu kutoka juu kwenda chini. Tuseme jumla ni 60,000 na unataka vituo 20 vya kuhojia: gawanya, unapata 3,000. Chagua kwa bahati nasibu namba kati ya 1 na 3,000, tuseme 1,240. Kituo cha kwanza ni pale jumla inapofikia 1,240, cha pili 4,240, cha tatu 7,240, mpaka mwisho. Kijiji kikubwa kinapata nafasi kubwa na kidogo hakifutwi. Halafu kaya 20 kila kituo, jumla 400.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka mbele ya juri: kaya 20 za kijiji kimoja zinafanana, zina kisima kimoja na shefu (chifu) mmoja. Kwa kawaida tunachukua kwamba mfanano huo unapunguza nguvu ya sampuli hadi nusu. Kaya zako 400 zinafanya kazi ya kama 200, na kosa lako la makadirio ni karibu asilimia 7, si 5. Liandike wazi. Ukitaka 5 kamili, unahitaji kaya 768, na kwa nauli yako hutafika.

Mukuba_wa_Kenya

Yote ya Yaya ni sawa, lakini naona hatari ya upande mwingine. Kuna watu wanaongeza vijiji kwa imani kwamba huko ndiko iliko "jamii ya kweli" na mjini watu wameharibika tu. Hiyo nayo inapotosha. Mji una mpangilio wake.

Chukua Luanshya, ng'ambo huko Zambia. Kampuni ya mgodi iliwaweka wazee wa makabila wawe wasemaji wa wafanyakazi, kwa hesabu kwamba mtu wa kijijini atamtii mzee wake hata akiwa chini ya ardhi. Kwenye mgomo wa 1935 wazee wale walipoteza sauti siku ileile. Baadaye kikaja chama cha wafanyakazi, na mwaka 1953 wachimbaji wenyewe wakapiga kura kuwafuta wazee. Aliyejua vijiji tu asingeelewa hata kidogo kwa nini.

Na maamuzi ya pesa yanafanywa mjini. Kanuni ya migodi iliyorekebishwa 2018 inagawa mrabaha (malipo ya kampuni kwa madini) hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 sekta, shefferi (eneo la chifu) au komini yenye mgodi, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kijiji kinaona ile 15, au hakiioni. Kujua imekwama wapi lazima uingie maofisi ya Lubumbashi, na mara nyingi Kinshasa.

Mama_Luapula

Papa Mukuba, mgomo wa Luanshya ni mfano mzuri, ila endelea nao mpaka kaskazini ya Zambia, kwa Wabemba. Mwanaanthropolojia Audrey Richards alifanya utafiti kule kati ya 1930 na 1934, wakati wanaume wengi wamekwenda migodini. Kilimo chao ni citemene: mwanaume anakwea mti, anakata matawi, yanarundikwa na kuchomwa, kisha ulezi unapandwa kwenye majivu. Kukwea mti na kukata ni kazi ya wanaume. Wakiondoka, shamba linakuwa dogo na miezi ya njaa inarefuka. Ukikaa mgodini unaona mshahara. Njaa iliyolipia mshahara ule iko kijijini, na mgodini hakuna daftari inayoiandika.

Kwa hiyo mdogo wangu, usijaze vijiji ili namba itimie. Tafuta kamba inayofunga pande mbili. Mjini, kwenye kila kaya, chukua orodha tatu: wanaokula chungu kimoja, waliolala hapo usiku wa jana, na waliotumiwa au waliotuma pesa, unga au mtoto katika miezi 12 iliyopita. Orodha ya tatu itakupa majina ya vijiji. Chagua kaya kama 15 zilizokubali, na uwafuate jamaa zao huko. Uliza maswali yaleyale pande zote. Majibu yatagongana: mjini watasema wanatuma pesa kila mwezi, kijijini watasema ilifika mara moja. Usitafute nani mwongo. Uliza tarehe ya mwisho, kiasi, na njia, kama ni pesa ya simu au mkononi kwa dereva.

Jambo moja usilipuuze: kijiji cha mtu wa Lubumbashi mara nyingi hakiko Haut-Katanga. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, ilileta wafanyakazi kutoka Kasaï, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Kaya nyingi za Kenya na Katuba zina asili ya Kasaï au jimbo jirani la Haut-Lomami. Ukiuliza "kwenu" ni wapi, ramani yako itatoka nje ya jimbo. Amua kabla ya kuanza: unasoma watu wa mji popote walipotoka, au wakaaji wa jimbo popote wanapoishi? Ni memwari mbili tofauti.

Mwanafunzi_Katuba

Aksanti sana bakubwa. Nimeamua wakaaji wa jimbo. Lakini vituo 20 ni vingi kwangu. Nikiacha hesabu kubwa na kuchukua sehemu chache, nichukue zipi?

Fundi_Ankete

Chukua nne. Kartie moja ya Katuba. Kijiji kimoja kwenye lami upande wa Kipushi, umbali wa kwenda na kurudi siku moja. Kijiji kimoja cha wachoma makala (mkaa) ndani ya msitu wa miombo. Kimoja cha wavuvi upande wa Kasenga, mbali na barabara kuu. Kijiji cha lami peke yake kitakudanganya, maana kimeshakuwa nusu soko la mji.

Makala ndiyo kamba rahisi kuliko zote, maana Lubumbashi inapika kwa makala. Anza na mama anayeuza vifuko mlangoni Katuba, panda mpaka depo, mpaka mwenye baiskeli au lori, mpaka tanuru la udongo. Kila hatua andika bei ya gunia siku hiyo, nani alikopesha pesa, nini kililipwa kwenye barieri (kizuizi cha barabarani), shefu anachukua nini. Pima gunia kwa mizani. Pima pia meka (kopo la kupimia) ya unga, kwa sababu meka ya soko moja si sawa na ya soko lingine, na ukilinganisha bei bila kilo jedwali lako halina maana.

Barua: ya chuo kwanza, halafu msimamizi wa teritwari (wilaya), shefu wa sekta au shefferi, shefu wa grupema (kundi la vijiji), mwisho shefu wa kijiji. Ukiruka mmoja, yule wa chini atakurudisha. Shefu akikupa kijana wa kukuongoza, mshukuru, lakini usimwachie achague nyumba, atakupeleka kwa jamaa zake walio kando ya njia. Chora kijiji chote, hesabu nyumba, gawanya kwa idadi unayotaka, ruka kwa hesabu hiyo. Saa nne asubuhi wanawake wako shambani, kwa hiyo anza mapema sana au baada ya saa kumi. Siku ya soko usihoji.

Lugha: Kiswahili cha mji hakitafika kwa bibi wa Kasenga, kule utahitaji Kibemba. Upande wa Kipushi ni Kilamba na Kisanga. Mtu mmoja atafsiri maswali, mwingine ayarudishe kwa Kiswahili bila kuona ya kwanza. Yasipolingana, rekebisha.

Wakati mzuri ni Mei na Juni, mavuno yamekwisha na njia zinapitika. Ila swali la chakula uliza mwezi kwa mwezi, la sivyo kijiji kitaonekana kimeshiba mwaka mzima, wakati Januari mpaka Machi ndiyo miezi migumu.

Yaya_Hesabu

Kwa sehemu nne usiandike asilimia za jimbo hata moja. Andika "kati ya kaya 25 za kijiji hiki". Na kama nauli itakatika kabla ya Kasenga, badilisha kichwa kiwe "katika kartie moja ya Katuba, kijiji kimoja cha Kipushi na kijiji kimoja cha wachoma makala", kabla ya kuandika sura ya kwanza.