Nimeuziwa kadi ya picha (graphics card) "GTX 1050 Ti" feki hapa Arusha, halafu naambiwa mashine yangu ndiyo mbovu!

Wakuu heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu, nimevurugwa.

Nina Dell OptiPlex ya mtumba, naeditia video za sendoff na kipaimara. Pawa saplai yake haina waya wa pini sita wa kadi, ndiyo maana nikaitaka GTX 1050 Ti na si nyingine. Ile inakula wati 75, na zote inaweza kuzipata kwenye sloti ya mazabodi. Duka moja hapa mjini wakasema wanayo. Laki mbili na nusu, keshi.

Kwenye boksi nakuta kadi ina mdomo wa pini sita. Jamaa akasema, "Kaka, hiyo ni OC, ina nguvu zaidi," akanitupia na waya wa kuungia bure. Hapo hapo kuna tundu la bluu la VGA, lile la monita za zamani, wakati chipu za familia ya GTX 10 hazitoi kabisa VGA!

Windows inasoma "GTX 1050 Ti 4GB" bila aibu. Weka draiva mpya ya NVIDIA: Code 43 (Windows imeizima kadi kwa hitilafu), monita inarudi kwenye maandishi makubwa kama ya watoto wa chekechea. GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ndiyo ikamaliza ubishi. Neno FAKE mbele ya jina, chipu GF116, viini vya CUDA 192. 1050 Ti halisi ni GP107, CUDA 768. Yaani hii ni GTX 550 Ti ya 2011, wameichezea BIOS (programu ya ndani ya kadi) ijitaje jina la kadi ya 2016. Na NVIDIA iliacha kuzitolea kadi za kizazi cha Fermi, kama hii 550 Ti, draiva mpya za kawaida tangu 2018, ndiyo maana inagoma.

Nikarudi dukani. Jamaa akatoa ufutio wa penseli, akasugua meno ya kadi taratiiibu, akaichomeka kwenye mashine yake ya Windows 7 yenye draiva za kale. Picha ikatokea. "Si hii inawaka, kaka? Mashine yako ndiyo mbovu."

Inawaka! Kwani nilinunua taa?

Nikamwambia tufungue GPU-Z hapo hapo. Hataki, eti programu za ajabu zitamletea virusi. Nikidai hela ananinyooshea kidole kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti yenyewe ya mkono, kwa sababu siku ile mashine ya EFD ya risiti za kodi "ilikuwa inasumbua". Wanasumbua wao.

Kuuza bidhaa bandia ni kosa kisheria, hata uandike nini chini ya risiti. Kadi ninayo, picha za skrini ninazo, jina na namba za duka ninazo. Nayapeleka yote Tume ya Ushindani (FCC).

Na nyie wa "ungeagiza mwenyewe China", tulieni. Hizi feki zimejaa huko huko mtandaoni, tofauti ni kwamba huyu wa hapa ananiita kaka.

Muuzaji yeyote wa Arusha au Moshi anayekubali GPU-Z ifunguliwe mbele yangu kabla sijatoa hela, aje PM leo leo. Bibi harusi ananipigia tangu asubuhi, na simu yake sijapokea.