Naombeni ushauri: nimepewa Mathayo 1:1-17 nihubiri Jumapili, nisome majina yote au niruke?

Mtumishi wa Zamu
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa. Tunaanza kuisoma Injili ya Mathayo mfululizo, na zamu ya kufungua imeniangukia mimi. Nina dakika 20. Somo lenyewe ni ukoo wa Yesu, fulani akamzaa fulani mwanzo mwisho. Watu husinzia hata kwenye mifano ya Bwana, sembuse hapa? Nafikiria nisome mstari wa 1 na wa 2, nirukie wa 12, kisha niende hadi mwisho. Nitakuwa nimekosea? Na tumaini la wokovu nalitoa wapi humu? Zimebaki siku tatu.

Karani wa Vitabu
Usiruke. Mistari yote 17 ukiisoma kwa utulivu haimalizi dakika 3. Fuata mafungu ya Mathayo mwenyewe, yako kwenye mstari wa 17: Ibrahimu hadi Daudi, Daudi hadi uhamisho wa Babeli, uhamisho hadi Kristo. Kila mwisho wa fungu nyamaza, vuta pumzi, endelea. Kinachoharibu ni kusoma mbio bila kituo.

Halafu sikiliza hiyo "akamzaa". Inakuja mara 39. Kufikia Yusufu, sikio limeshazoea na linaisubiri ya 40: "Yusufu akamzaa Yesu". Haiji. Imeandikwa "Yakobo akamzaa Yusufu mumewe Mariamu aliyemzaa Yesu". Mnyororo umekatika mahali pale pale Mungu alipoingia. Ukiruka mistari ya katikati, sikio halitakuwa limezoea kitu, na huo mkato hakuna atakayeusikia.

Penseli Mkononi
Jiandae na hesabu, maana yupo msharika atakayehesabu. Mathayo anasema 14 mara tatu, lakini majina ni 41, si 42. Fungu la tatu linatimia tu ukimhesabu mara ya pili Yekonia, mfalme wa wakati wa uhamisho. Tena kati ya Yoramu na Uzia wameachwa wafalme watatu: Ahazia, Yoashi na Amazia. Linganisha na 1 Nyakati 3:11-12. Si kwamba Mathayo hakujua. Herufi za Kiebrania hutumika pia kama namba, na za jina Daudi ni dalet, vav, dalet, yaani 4 na 6 na 4. Jumla 14. Wengi husoma hiyo 14 kama jina la Daudi lililotajwa mara tatu, na mimi naona ndivyo. Ukoo huu umepangwa ili utangaze mfalme, na hilo ukilisema mapema, maswali ya hesabu yanapungua.

Nuru ya Galilaya
Mnamwacha Luka! Luka 3 nayo ina ukoo wa Yesu, ila inapanda badala ya kushuka, inapita kwa Nathani mwana wa Daudi, si Sulemani, na baba wa Yusufu anaitwa Eli. Tangu karne ya 3 mwandishi Mkristo Julius Africanus alieleza kwamba Yakobo na Eli walikuwa ndugu wa mama mmoja, mmoja akafa bila mtoto, mwenziwe akamrithi mjane, hivyo Yusufu akawa na baba wa damu na baba wa sheria. Kwangu hili ndilo la kuhubiri, kwa sababu Luka anafika hadi "wa Adamu, wa Mungu". Hapo kila binadamu anaguswa, Myahudi na asiye Myahudi.

Mama Tumaini
Mtumishi, nimefungua Biblia nikalinganisha na mpango wako. Majina ya kusinzisha kweli yako mstari wa 13 na 14: Azori, Sadoki, Akimu, Eliudi. Hayo umeyaacha yasomwe. Ulichokiruka ni Tamari, Rahabu, Ruthu na yule mke wa Uria. Kuna nini hapo, mwanangu? Usingizi sio shida yako.

Mtumishi wa Zamu
Mama, umenibana. Jumapili hiyo hiyo kuna ubatizo. Mtoto hana baba anayetajwa. Mama yake amerudi kundini mwezi uliopita, na ni mdogo wangu, tumbo moja. Nikisimama kumtaja Tamari, macho yote yataenda benchi lake. Wazee wawili wa kanisa nimeshawaambia nitafupisha, na karatasi za ukoo 150 zimeshachapishwa bila wale wanawake. Sioni ubaya. Ujumbe ni Kristo, si Tamari.

Mlinzi wa Lango
Basi sema kweli yote. Kumbukumbu la Torati 23:2: mwana wa haramu asiingie katika mkutano wa BWANA, hata kizazi cha kumi. Siku hizi tunalegeza kila kitu tunakiita neema.

Karani wa Vitabu
Mlinzi, shika mstari huo huo, ufungue na Ruthu 4:18-22, uhesabu kwa vidole. Peresi, Hesroni, Ramu, Aminadabu, Nashoni, Salmoni, Boazi, Obedi, Yese, Daudi. Peresi ni mtoto ambaye Yuda alimzaa na Tamari, mke wa mwanawe, jambo ambalo Mambo ya Walawi 18:15 inalikataza. Daudi ni jina la kumi. Aliyeiandika orodha hiyo amepita mlango ule ule unaoulinda, na akatokea na mfalme mkononi. Mstari unaofuata, 23:3, unamfungia Mmoabi, na Ruthu alikuwa Mmoabi. Wote wawili wamo ndani ya ukoo wa Masihi.

Kalamu ya Chuma
Samahanini, mimi sijaamini. Somo la ukoo, ubatizo, mdogo wake na karatasi 150, vyote Jumapili moja? Kwenye kalenda ya Wakatoliki somo hili husomwa tarehe 17 Desemba, na wengi wa madhehebu mengine hulipitia karibu na Krismasi. Naona mtu ameshaandika mahubiri, anatafuta watu wa kumsifia.

Mtumishi wa Zamu
Nilisema tunasoma mfululizo, hatufuati kalenda kwa somo hili. Ubatizo ulipangwa kabla ya zamu yangu. Ningekuwa natunga, ningejiwekea majibu mazuri zaidi ya haya niliyonayo.

Mama Tumaini
Awe ametunga au hakutunga, yuko binti mahali fulani atakayekaa kwenye hilo benchi. Tumsaidie.

Mtumishi, kosa kubwa la wahubiri hapa ni kusema "wanawake wanne wenye dhambi". Maandiko hayasemi hivyo. Kuhusu Tamari, Yuda mwenyewe alikiri, "Yeye ni mwenye haki kuliko mimi". Ruthu hana doa. Bathsheba alitumiwa wajumbe na mfalme. Anayekemewa katika 2 Samweli 12 ni Daudi. Sasa angalia mstari wa 6: jina la Bathsheba halimo, limo la Uria. Mhiti, askari, mume aliyeuawa ili mambo yafichike. Daudi alitaka asahaulike, na Mathayo amemwandika kwenye ukurasa wa kwanza wa Injili. Soma polepole hapo. Usimtazame mdogo wako, tazama karatasi yako.

Karani wa Vitabu
Naongeza. Huo mstari wa 12 unaoukimbilia ndio wenye tumaini, ila hauonekani ukiukata na kilichotangulia. Yekonia ndiye Konia wa Yeremia 22. Mungu anasema hata angekuwa pete ya muhuri kwenye mkono wake wa kuume, angemng'oa. Kisha anaamuru aandikwe kama mtu asiye na watoto. Mjukuu wake ni Zerubabeli, na katika Hagai 2:23 Mungu anamwambia Zerubabeli, nitakufanya kama pete yenye muhuri. Pete ile ile iliyong'olewa imerudi kidoleni. Tenga dakika 8 kwa hili peke yake, soma Yeremia kwanza, Hagai baadaye, bila maelezo katikati. Na Yekonia hakuwa hadithi: kuna vibao vya udongo vilivyochimbwa Babeli vyenye hesabu ya mafuta aliyopewa yeye na wanawe watano.

Mtumishi wa Zamu
Nimesoma Yeremia na Hagai mara tatu usiku huu. Mstari wa 6 nitausoma wote. Wa 3 bado moyo unasita, lakini nimempigia mdogo wangu nikamsomea. Akauliza Peresi maana yake nini. Sikuwa na jibu. Na hizi karatasi?

Karani wa Vitabu
Peresi ni kupasua, yaani mahali palipobomolewa. Mwanzo 38:29, mkunga ndiye aliyetamka. Kuhusu karatasi: upande wa nyuma ni mweupe, chapa upya hapo hapo mafungu matatu, maandishi makubwa ya kusomeka na wazee. Wanawake watano uwaweke kwenye mistari yao, na Mariamu awemo. Yekonia mwandike mara moja tu.