Mtu akichoka kuishi, daktari amsaidie kufa?

Kijana wa Majengo: Wakuu habarini, jana kijiweni kwenye kahawa hapa Moshi ubishi ulikuwa mkali, jamaa mmoja kasema Uholanzi daktari anaweza kukusaidia kufa hata kama huna kansa wala nini, ni akili tu inakutesa, nikabisha sana kumbe kweli, sheria ipo tangu 2002 na mwaka 2024 kuna dada wa miaka 29 alikubaliwa kwa sonona. Hii ni huruma au ndo kumkatia mtu tamaa?

Mangi Mdogo: Hakuomba leo akapewa kesho mkuu, ilichukua kama miaka mitatu na nusu, na daktari lazima aridhike hakuna njia nyingine. Mi ndo hapo nakwama. Kansa unaiona kwenye picha, sonona utaipimaje? Kanada wenyewe waliahirisha kuruhusu hii ya ugonjwa wa akili pekee mpaka Machi 2027.

Mama Neema: Bibi yangu Kibosho kila siku "Mungu kanisahau, nimechoka", ila kiburu kikiiva anauliza nani kajaza magadi hivi 😂 huyo ungempa fomu?

Dogo wa Ngarenaro: Mama Neema bibi ana watu, kuna mwenye sonona miaka ishirini dawa zote zimegoma, usicheke. Ila hapa bongo kumsaidia mtu kujiua ni kifungo cha maisha, na hata aliyejaribu akapona ana kesi, hilo ndo linaniuma, anatakiwa dokta we unamwitia polisi.

Kijana wa Majengo: Asanteni. Afu yule jamaa leo kahawani hajatokea, ngoja nimpitie kwake.