Taniboi si kabari! Mtindo huu wa kushusha mitambo kwenye lobedi utaua mtu

Wadau, nimejaa hasira na sitaficha. Wiki iliyopita nilikuwa upande wa Ahero, mvua imetoka kunyesha, eskaveta inashushwa kando ya barabara kutoka kwenye lobedi, lile trela la chini la kubebea mitambo. Trela limeegeshwa magurudumu ya upande mmoja kwenye lami, ya upande wa pili kwenye ule udongo mweusi wa Kano. Sote tunajua udongo ule ukilowa unavyodidimia. Rampu, zile njia za chuma za kushukia, hazina pini za kuzifunga kwenye trela. Na pale chini, ubavuni mwa rampu, taniboi, kijana wa watu msaidizi wa lori, amepewa ubao ausukume chini ya minyororo ambayo mtambo hutembelea, ukishuka!

Mtambo ukateleza. Rampu ikaruka, kijana naye akaruka, Mungu saidia. Unajua msimamizi alifanya nini? Alimfokea kwa nini ameacha ubao!

Eskaveta ya kawaida ya barabarani ina uzito wa tani 20 hivi. Minyororo ya chuma juu ya rampu ya chuma, katikati tope: itashika wapi? Hatari kubwa iko pale kwenye ukingo wa trela. Uzito ukishavuka ukingo, mtambo wote huinama kwa ghafla, na rampu isiyofungwa inaweza kufyatuka. Aliye kando hana pa kukimbilia. Rola ya kushindilia barabara ni mbaya zaidi, maana ngoma yake ni laini kabisa. Ndiyo, mbao zinasaidia, lakini zinapangwa na kufungwa mtambo ukiwa umesimama. Hazisukumwi kwa mikono huku mtambo unatembea!

Na msiniambie kazi ni ya haraka. Kutafuta uwanja mgumu, tambarare, ni dakika ngapi? Trela libaki limeunganishwa na kichwa cha lori, breki zivutwe, kabari ziwekwe, tope likwanguliwe. Opereta afunge mkanda, aende polepole, asikate kona juu ya rampu. Akiona ameenda upande, arudi alikotoka ajipange upya. Mwongozaji awe mmoja tu, asimame mbali, mahali opereta anamwona. Akipotea machoni, mtambo usimame. Wengine wote waondoke, hata bosi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ipo tangu 2007, inamtaka mwajiri aweke kazi salama na kufundisha watu wake. Tena inamkataza kumfukuza mtu kwa sababu amelalamikia hatari. Lakini mwambie hivyo kijana wa kibarua anayelipwa jioni. Akikataa kushika ubao, kesho ataitwa mwingine, ndiyo maana wanazidi kuwatumia.

Wenye lobedi, pini za rampu ni vipande vya chuma tu, hata jua kali watakutengenezea. Mnakosaje? Picha ninazo, nazipeleka kwa afisa wa usalama kazini. Nanyi wa Kakamega, Bungoma na Nakuru mlioona haya, andikeni hapa ni barabara gani, na kama kuna aliyeumia, alilipwa fidia au alipewa nauli akaambiwa aende nyumbani?