Spea mpya za zamani za Bedford TJ: zipi tuzisake, zipi tusizihangaikie

Kutoka Jinja

Salaam wakuu. Kuna lori la Bedford TJ hapa Jinja, aina ya J6 yenye injini ya dizeli ya inchi za ujazo 330, inafumuliwa ili irudi kama ilivyotoka kiwandani. Mwenye lori anataka spea orijino ambazo hazijawahi kufungwa, zile zilizobaki stoo tangu enzi hizo, si za kukata kwenye gari bovu. Orodha ya kwanza: masta silinda ya breki, breki shuu seti nzima, klachi pleti, bering za krenki, bering za magurudumu, seali za pampu ya dizeli, taa za mbele na grili. Soko la spea la Kisekka, Kampala, limezungukwa lote, kinachopatikana ni cha Isuzu na Fuso. Tuanzie wapi? Na mzigo ukitoka Uingereza, forodha inakuwaje?

Jibu kutoka Mbale

Ndugu yangu wa Jinja, usitume hela kwa mtu yeyote kabla hujashika vitu viwili: namba ya spea, na kipimo cha kile kilichotoka kwenye lori lako. Jina peke yake halifai. Ukiandika "klachi ya Bedford TJ" utaletewa klachi ya Bedford TJ kweli, ila si ya lori lako. TJ ilitoka 1958, Uingereza ikauzwa hadi 1975, na za kupeleka nje zikaendelea kuundwa muda mrefu baada ya hapo. Humo mna J1 nyepesi hadi J6 nzito, mna petroli ya inchi za ujazo 214 (lita 3.5) na 300 (lita 4.9), na dizeli ya 330 ni lita 5.4. Breki, klachi na ekseli zinatofautiana.

Anza na kibati cha chasi, kisha namba iliyogongwa kwenye bloku. Vipige picha vyote viwili, kwa sababu malori mengi ya umri huu yamebadilishwa injini zaidi ya mara moja, na kibati kinaweza kusema hivi na bloku ikasema vile. Spea za injini zifuate bloku. Spea za breki na ekseli zifuate chasi. Baada ya hapo tafuta kitabu cha spea cha mwaka unaokaribiana na chasi yako. Nakala zilizoskaniwa zinauzwa mtandaoni kwa bei ndogo. Namba za Bedford zina tarakimu saba, nyingi zikianza na 7. Kiwanda kikiboresha kitu kilikuwa kinakipa namba mpya, kwa hiyo andika namba ya kale na zilizoirithi. Muuzaji mwenye boksi la namba ya kale hatakuelewa ukimtajia mpya tu.

Sasa krenki, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anaona bering za Vandervell au Glacier ndani ya karatasi yake ya nta, mgongoni zimegongwa STD, yaani saizi ya kiwandani, anazinunua kwa furaha. Kumbe krenki imeshachongwa. Bering huja STD, kisha 010, 020, 030 na kuendelea, yaani kila hatua krenki imepunguzwa inchi 0.010, yaani milimita 0.254. Ukifunga STD kwenye krenki iliyochongwa 010, nafasi ya oili inakuwa kubwa mno, presha ya oili inashuka injini ikipata moto, na kugonga kunaanza. Pima kila jono, yaani sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya bering, kwa maikromita sehemu nne: mwisho huu na mwisho ule, halafu geuza nyuzi 90 urudie. Vipimo vikitofautiana jono limekuwa yai au limechongoka upande, na litachongwa tu, utake usitake. Chonga kwanza, au angalau kubaliana na mchongaji saizi, ndipo ununue bering. Bering za 020 na 030 ambazo hazijafungwa huwa rahisi kupata kuliko STD, kwa hiyo uliza upatikanaji kabla ya jiwe kugusa krenki.

Jibu kutoka Kampala, Ndeeba

Mkuu wa Mbale kasema vyema. Mimi naongezea la raba, kwa sababu neno "haijawahi kufungwa" linadanganya. Chuma kilichopakwa grisi na kufungiwa kinakaa miaka hamsini. Raba haikai.

Chukua hiyo masta silinda. Boksi zuri, karatasi haijachanwa. Ifungue. Sukuma pistoni kwa bisibisi butu: ikirudi polepole, au ikikwama katikati, ile grisi ya kiwandani imeshageuka nta ya kahawia. Toa kikombe cha raba, kikunje kati ya vidole viwili. Kikipasuka vinyufa vidogo kwenye mdomo, ndivyo vikombe vyote vilivyo humo. Kisha mulika tochi ndani ya silinda na upitishe ukucha pale pistoni ilipokuwa imekaa miaka yote, maana unyevu hujikusanya hapo. Doa ambalo ukucha haulisikii litatoka kwa honi laini, yale mawe ya kusugulia ndani ya silinda. Shimo linalonasa ukucha halitoki kwa honi. Ukilisugua unapanua silinda na vikombe havitabana tena. Hiyo peleka ikavishwe bushi ya shaba au chuma kisichoshika kutu, ichongwe ndani kwa saizi ileile.

Kwa hiyo nunua masta silinda ya zamani kwa ajili ya chuma chake, na vikombe ununue vipya vya leo. Saizi ya silinda kwa inchi mara nyingi imeandikwa kwenye mwili au kwenye kikombe chenyewe. Kusafisha tumia spiriti au oili ya breki yenyewe. Petroli, dizeli na oili ya injini zisiguse kabisa: zinavimbisha raba ya breki, kikombe kinaziba tundu la kurudishia oili, breki zinabaki zimeshika hadi ngoma zinatoa moshi. Lori la tani saba likishuka kutoka Kapchorwa na breki za namna hiyo si jambo la kujaribu.

Seali za pampu ya dizeli nazo hivyohivyo. Kama lako lina pampu ya CAV aina ya DPA, seti ya zamani ambayo haijafunguliwa usiinunue. Afrika Mashariki dizeli ilihamia salfa ya chini, 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni), mwaka 2015, na dizeli ya namna hiyo haivimbishi seali kama ile ya zamani iliyokuwa na mchanganyiko mwingine. Seali za kale za nitraili, aina ya raba, zimeshakauka boksini, zikiingia kwenye dizeli ya leo zinasinyaa na pampu inavuja kwenye shafti na kwenye kifuniko. Omba seti ya Viton, raba inayostahimili dizeli ya leo.

Breki shuu: hapo ndugu zangu niwe mkali kidogo. Lainingi za Ferodo au Mintex za miaka ya 1960 na 1970 zina asbesto. Usizipige msasa, usizipulize kwa kompresa, usimpe kijana azikwangue. Ukipata shuu orijino, chukua kwa ajili ya umbo la chuma. Lowesha lainingi kwa maji, toboa ribiti zikiwa zimelowa, funga mabaki kwenye mfuko wa nailoni mara mbili, kisha ribiti lainingi mpya isiyo na asbesto. Kwenye lori hakuna atakayeona tofauti.

Jibu kutoka Tororo

Nijibu la forodha. Mzigo mmoja wa mchanganyiko unaandikiwa namba tofauti za ushuru, na ukiacha wakala aandike vyote "spea za gari" unaweza kulipa visivyo. Breki, klachi, grili na vitu vya chasi vinaingia 8708. Pistoni, ringi na vitu vya ndani ya injini ni 8409. Pampu ni 8413. Gasketi za seti zilizochanganyika ni 8484, stata na dinamo 8511, taa 8512, beringi za mipira na rola 8482, raba za seali 4016. Mwombe muuzaji aandike ankara mstari kwa mstari kwa majina hayo, pamoja na bei ya kila kimoja na uzito.

Hesabu inaanza na CIF, yaani bei ya kitu, bima na usafiri. Tuseme CIF ni shilingi 1,000,000 na ushuru wa kitu hicho ni 10%: ushuru 100,000; VAT 18% inapigwa juu ya 1,100,000, ni 198,000; kodi ya zuio 6% juu ya CIF, 60,000. Hapo ni 358,000 bila tozo ndogo na ada ya wakala. Kiwango cha ushuru kinabadilika kwa namba, na ndiyo sababu ankara iwe safi. Neno "vintage" kwenye ankara halikupunguzii chochote, na linaweza kumfanya mkaguzi adhani ni spea zilizotumika. Aandike "mpya, haijatumika".

Kuhusu njia: seali, bering na vitu vya mfukoni vije kwa ndege. Shuu, ngoma na grili ziunganishwe kwenye kontena la kundi, linalobeba mizigo ya watu wengi, lishuke Mombasa. Baharini kuna unyevu, hivyo chuma kipakwe oili upya na kufungwa kwa nailoni kabla ya kuondoka, hata kama boksi la kiwanda halijafunguliwa. Karatasi ya nta ya miaka hamsini hupasuka kwenye mikunjo.

Jibu kutoka Mbale

Niongeze mahali pa kusaka. Uganda mabaki ya stoo za kale ni haba, kwa sababu maduka mengi ya spea yalikuwa ya Waasia, na walipofukuzwa 1972 mali ilitawanyika. Kenya ni afadhali: General Motors ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha malori Nairobi tangu miaka ya 1970, na maduka ya familia ya miaka mingi bado yapo Kirinyaga Road na miji ya Bonde la Ufa. Nenda na namba zilizochapwa kwenye karatasi, na uombe kuona shelfu ya juu, ile ambayo haijaingizwa kwenye kompyuta.

Uingereza kuna minada ya mtandaoni, na kuna soko la spea kuukuu la Beaulieu kila Septemba. Kisha kuna mlango ambao wengi hawaujui: stoo za jeshi. Bedford RL ya jeshi la Uingereza ilikuwa na petroli ya 300, na Bedford MK ilikuwa na injini ya 330 inayokubali mafuta ya aina mbalimbali. Vitu kadhaa vya ndani ya injini vinaingiliana na vya TJ, ila linganisha namba ya Bedford kwanza. Spea za jeshi zina namba ya NATO ya tarakimu 13: nne za kwanza ni kundi, mbili zinazofuata ni nchi, na Uingereza ni 99. Kundi 2530 ni breki, usukani na ekseli, 2910 mafuta, 2920 umeme wa injini. Jeshi lilifunga vitu vizuri kuliko duka lolote.

Pakistan nako kuna Bedford nyingi bado barabarani, ile TJ wanaiita Rocket, na spea zake zinaundwa mpaka leo. Si mbaya kwa lori la kazi. Lakini ni mpya za leo, na ukizikuta ndani ya boksi la zamani umeuziwa boksi. Angalia hivi: namba ya kwenye lebo ilingane na namba iliyogongwa kwenye chuma, rangi kwenye matundu ya bolti iwe haijasagwa, oili ya kuhifadhi iwe imeganda sawasawa, si kupakwa jana, vifaa vya umeme vya Lucas viwe na tarehe iliyogongwa, kwa mfano 5 67, yaani Mei 1967. Muuzaji akikataa kupiga picha ya mgongo wa kitu pamoja na rula, achana naye.

Kutoka Jinja

Asanteni sana. Kibati na bloku vinapigwa picha leo, krenki inapimwa kesho. Limebaki moja: bering za magurudumu, taa na klachi nazo zisakwe Uingereza?

Jibu kutoka Kampala, Ndeeba

Bering hapana. Osha ile ya zamani kwa dizeli, soma namba kwenye ubavu wa ringi, Timken au SKF, na kwa rola za mshazari soma namba mbili, ya koni na ya kikombe. Namba hiyohiyo inauzwa Kampala. Bering iliyolala miaka mingi huwa na alama za rola kwenye ringi, izungushe utasikia inakwaruza. Seali za oili nazo pima ndani, nje na unene, utapata.

Taa za mbele ni duara la inchi saba, saizi ileile ya Land Rover za kale. Nunua kioo hapahapa, pesa yako iende kwenye ringi ya kromu na grili, maana grili haina mbadala.

Klachi pleti ya zamani inunulike kwa masharti: hesabu meno ya katikati, pima kipenyo, kisha ilaze juu ya kioo cha dirisha na upitishe fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kuzunguka. Ikiwa imejikunja zaidi ya nusu milimita, au lainingi imeinuka kwenye ribiti, au springi zina kutu ya kumenyeka, chukua kitovu chake tu na ukavalishe lainingi mpya hapa Ndeeba. Presha pleti pima urefu wa vidole vyake vyote vikiwa vimebanwa. Kimoja kikiwa chini kuliko vingine klachi itatetema kila unapoondoka.

Na lile la magurudumu, kabla hujavunja kitu: upande wa kushoto nati za Bedford zinafunguliwa kwa kuzungusha kulia. Tafuta herufi L kwenye ncha ya stadi, ile bolti ya gurudumu, kabla ya kupanda juu ya spana.