Tupeane uzoefu: fundi wa kupaua uliyemwamini, ulimjuaje?

Mwenye Kiwanja
Wakuu, habari za mihangaiko. Nyumba yangu ya pili imefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na kabla sijamkabidhi mtu kazi ya kupaua nimeona nije kwanza huku.

Naanza na yangu, nisionekane nimekuja kuchota tu. Nyumba ya kwanza fundi niliunganishiwa na jirani. Mtu mpole, anaongea taratibu, kila baada ya neno "bosi, hii nitakufanyia kama yangu". Akaomba robo tatu ya hela ya ufundi mkononi, eti vijana wake wasitawanyike. Nikatoa. Wiki ya kwanza kenchi, zile fremu za mbao za kubeba paa, zikasimama, nikapiga na picha. Wiki ya pili simu haipatikani. Wiki ya tatu nafika saiti namkuta mama mmoja nisiyemjua amesimama anazitazama kenchi zangu. Naye anamtafuta fundi huyohuyo! Tukakaa pale juu ya matofali tunahesabiana tarehe. Hela yangu ndiyo iliyonunua bati za kumalizia upande mmoja wa nyumba yake, na yake ilikuwa imeshamalizia ya mtu mwingine kabla yetu. Yaani kila mteja anamalizia paa la aliyemtangulia, na mimi ndiye niliyekosa wa kunifuatia.

Nilipomrudia jirani, kumbe hajawahi kumpa hata kazi ya kupigilia kopo. Walikuwa wanasalimiana tu njiani.

Safari hii wameshakuja watatu. Hesabu ya juu ni karibu mara mbili ya hesabu ya chini. Nyie mlichujaje?

Mama Pacha
Pole sana kaka. Yangu hakukimbia, alimaliza vizuri kabisa na tukaagana kwa furaha. Tatizo lilikuja na mvua.

Dari ilianza kutoa madoa madogo ya duara, yamejipanga mstari kama vifungo vya shati. Mstari mmoja, halafu nafasi, halafu mwingine. Nikamwita fundi mwingine, akapanda, hakukaa hata dakika tano akaniita nipande ngazi nione mwenyewe. Bati zangu ni zile za mawimbi za kawaida. Misumari ilikuwa imepigwa bondeni badala ya mgongoni. Maji yanapita bondeni, sasa wewe umeyatobolea njia hukohuko! Na kila tundu lilikuwa limepakwa silikoni, maana yake yule wa kwanza alijua anachokifanya. Jua limepiga, bati limetanuka na kusinyaa, silikoni imepasuka, ndiyo madoa yangu. Mistari ile ilikuwa inafuata papi, zile mbao zinazolazwa juu ya kenchi na kupigiliwa bati.

Mimi nilikuwepo siku wanapigilia, nimekaa kivulini, sikujua kama kuna mgongo na bonde. Ndiyo maana siwezi kumlaumu yeye peke yake. Ukiwa hujui kazi, tafuta anayeijua akupitie saiti siku ya kwanza ya kuezeka. Siku ya kwanza, si ya mwisho.

Kobe Mzee
Wakuu mimi nilipigwa kwenye geji, yaani namba ya unene wa bati.

Fundi alisema vifaa nimwachie yeye, "kuna mahali wananijua". Tulikubaliana geji 28. Bati zikaja na rangi nzuri, zinang'aa. Kijana mmoja akakanyaga katikati ya papi mbili, bati likabonyea likabaki hivyohivyo. Nikapata wasiwasi. Nikaazima maikromita kwa fundi wa magari, nikapima ukingo wa kipande kilichokatwa: milimita 0.25, na hapo rangi imo. Hiyo ni geji 32. Geji 28 ni karibu 0.4, geji 30 ni karibu 0.3. Kwa wasiojua, namba ikipanda bati linapungua unene. Wengi tunadhani kinyume chake, na wauzaji wajanja wanalijua hilo.

Nilipomuuliza akasema "mzee, macho hayaoni tofauti". Kweli macho hayaoni. Tangu hapo vifaa nanunua mwenyewe, nahesabu mwenyewe wakati wa kushusha, fundi namlipa ufundi tu.

Nyundo na Rula
Nimesoma kimya, sasa ngoja fundi naye aseme. Niko kwenye kazi hii miaka mingi.

Mzee Kobe, shikamoo. Kununua mwenyewe ni sawa, ila mkishanunua mbao mbichi zilizopinda mnataka fundi azinyooshe kwa maombi. Nunua, lakini nenda naye. Na mbao za dawa zikikatwa, ile ncha mpya haina dawa ndani. Lazima ipakwe tena kabla haijapanda juu. Ukiona fundi ana kopo la dawa na brashi pembeni ya msumeno bila kuambiwa, huyo mshike.

Mwenye Kiwanja, hesabu zako tatu huwezi kuzilinganisha kwa sababu sina shaka kila mmoja amehesabu nyumba yake. Mmoja kaweka kofia za kufunika kilele cha paa, fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa) na jukwaa. Mwingine kahesabu kenchi na bati basi, mengine atakuja kukuomba ukiwa huna pa kukimbilia. Andika wewe karatasi moja: aina ya bati na geji, ukubwa wa mbao, papi ziachane kiasi gani, nani analipa usafiri, nani anaondoa uchafu. Wape wote karatasi ileile. Utashangaa hesabu zitakavyosogeleana.

Halafu waulize hili: "Bati la kwanza unalaza wapi?" Jibu lianzie chini kwenda juu, na lianzie upande ambao upepo hautokei, ili maungio yaupe upepo mgongo. Bati zilaliane wimbi moja na nusu ubavuni, na juu kwa chini sentimita 15 au zaidi paa likiwa limelala. Anayejua atakuonyesha kwa mikono. Asiyejua atakwambia "usijali bosi".

Nyie wateja nanyi! Kazi imefika katikati unakuja na wazo la baraza, hela hujaongeza, ikichelewa unatutangaza kuwa ni matapeli.

Bundi wa Saa Nane
Mkuu Nyundo umetugusa 😂 mimi nimewahi kuongeza baraza.

Dada wa Ukarabati
Yangu ni nyumba ya zamani, paa linavuja juu ya korido. Niliita mafundi wanne.

Wa kwanza aliniuliza "mzee yupo?" Nikamwambia mzee ni mimi. Akacheka, akaangalia paa akiwa getini, akasema ng'oa bati zote. Wa pili naye getini, ng'oa zote. Wa tatu aliingia ndani, ila muda wote anaongea na simu.

Wa nne aliuliza maswali mpaka nikachoka. Linavuja mvua ikianza au ikishakolea? Mvua za upepo tu au zote? Mwanzoni palivuja hapohapo au pamehama? Kisha akavua viatu, akaomba ngazi, akaingia darini na tochi. Nasikia tu anatembea juu ya mbao, kimya, anagonga gonga. Alitoka amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akanionyesha picha kwenye simu: alama ya maji kwenye ukuta wa gebo, ule wa pembetatu, imeshuka, ikafuata mbao karibu mita 2 ndipo ikadondokea korido. Bati zilikuwa nzima. Palikosekana lile bati la kukunja linaloziba pale ukuta unapokutana na paa. Kazi ya nusu siku!

Mkataba tuliandika ukurasa mmoja kwa mkono: kazi gani, vifaa gani, siku ngapi, malipo awamu tatu. Sehemu moja ya kumi nibaki nayo mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Alikubali bila kununa, nikajua nimepata. Ila hakukubali kuanza bila hela ya vifaa, na hilo nalo nilimwelewa, hanijui.

Alipomaliza tulimwagia maji kwa mpira, tukianzia chini taratibu kupanda juu. Ukianzia juu maji yanashuka kote, hujui yameingilia wapi. Mmoja juu na mpira, mimi darini na tochi yake.

Mwenye Kiwanja
Wakuu mmenisaidia kweli. Dada, hiyo ya getini imenichoma, maana wawili kati ya watatu wangu hawakutoka hata kwenye gari. Na wa bei ya chini nilipomuuliza bati la kwanza analaza wapi, kasema "usijali bosi". Neno kwa neno!

Nimebaki na mmoja. Kanipa nyumba mbili alizopaua, moja ina miaka 4. Jumamosi naenda.

Mama Pacha
Hiyo ya miaka 4 ndiyo ya kuanza nayo kaka. Na usimwambie unaenda saa ngapi. Mwombe mwenye nyumba akufungulie darini.

Bundi wa Saa Nane
Nenda na tochi.