Nimeuziwa kadi ya grafiksi ya mwaka 2010 kwa jina la GTX 1050 Ti: wauzaji wa vifaa vya kompyuta Kariakoo, andikeni jina kamili la kifaa kwenye risiti

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kwa miezi 14 nimeweka akiba hadi ikafika shilingi 1,150,000 ili mimi na mdogo wangu tujiundie kompyuta ya kuchezea magemu, na Jumamosi iliyopita nilipanda basi la alfajiri kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam kununua kifaa cha mwisho na cha ghali kuliko vyote, yaani kadi ya grafiksi, inayochora picha za magemu kwenye skrini. Sikwenda kubahatisha. Nilikuwa na orodha kwenye karatasi, na juu kabisa niliandika GTX 1050 Ti ya GB 4, kwa sababu kadi hiyo inatumia wati 75 tu, matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), na ingawa ilitoka mwaka 2016 bado inamfaa mtu anayecheza kwenye skrini ya kawaida na aliye tayari kupunguza ubora wa picha. Winga, dalali wa kuvuta wateja, alinipokea kabla sijavuka barabara, akanipandisha ghorofani hadi kwenye fremu moja ndogo, nikaonyeshwa boksi jipya lenye jina lile lile, nikalipa shilingi 290,000, nikarudi stendi.

Usiku ule ule niliifunga kadi ndani ya kompyuta na kuiwasha. Windows ilionyesha GTX 1050 Ti, kumbukumbu GB 4, nasi tukashangilia. Gemu la kwanza lilipofunguka lilikwenda dakika mbili, skrini ikawa nyeusi, kompyuta ikajiwasha upya. Nikajaribu tena, ikawa vile vile. Nikadhani tatizo ni draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) iliyokuja kwenye CD ndani ya boksi, nikaiondoa na kuweka ile inayotolewa na NVIDIA wenyewe, waundaji wa chipu za kadi hizi, ambayo ilikataa kabisa kuitambua kadi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, nikapakua GPU-Z, programu ya bure ya kukagua kadi za grafiksi, ambayo tangu toleo la 2.12 la mwaka 2018 inao uwezo wa kutambua kadi za NVIDIA zilizochakachuliwa. Mbele ya jina la kadi yangu iliandika neno FAKE kwa herufi kubwa. Chipu iliyomo ndani si GP107, ambayo ndiyo chipu ya 1050 Ti, bali ni GF106, chipu ya kadi iliyoitwa GTS 450, iliyotoka mwaka 2010.

Kwa wasioelewa jinsi wizi huu unavyofanyika, naomba mnivumilie nieleze. Kila kadi ya grafiksi ina programu ndogo iliyohifadhiwa ndani yake, inayoitwa BIOS, na ndiyo inayoiambia kompyuta jina la kadi na ukubwa wa kumbukumbu yake. Mchakachuaji anachukua kadi chakavu, anafuta programu hiyo na kuandika nyingine yenye jina la kadi mpya, anabadilisha feni na kibandiko, anachapisha boksi. Windows haina njia ya kujua kwamba imedanganywa, kwa hiyo inarudia uongo ilioambiwa. Lakini chipu haibadiliki kwa kubadilishiwa jina. GTX 1050 Ti ina viini 768 (vitengo vidogo vinavyofanya hesabu za picha), ilhali GTS 450 ina viini 192, yaani robo kamili, na hivyo vyenyewe ni vya kizazi kilichopitwa na wakati kiasi kwamba mwaka 2018 NVIDIA iliacha kukitolea draiva mpya. Ile GB 4 nayo ni maandishi tu. Kadi inapojaribu kutumia kumbukumbu isiyokuwepo, gemu linazimika, na ndicho kilichokuwa kikitokea kwangu.

Kuna dalili moja niliyoiona dukani kwa macho yangu, na inaniuma kuliko fedha. Kadi hii ina tundu la VGA, lile la buluu lenye matundu 15. Nilifurahi nilipoliona, kwa sababu monita yetu ni ya zamani na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu gharama ya kununua kibadilishi. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba chipu za NVIDIA za kizazi cha 1050 Ti hazitoi kabisa mawimbi ya VGA. Tundu hilo lilikuwa ushahidi wa wizi, limekaa wazi mbele yangu na mbele ya muuzaji, na yeye aliponiuliza nina monita gani na kuniambia kwa sauti ya upole, “Basi hii ndiyo yako, mdogo wangu,” alikuwa akijua anachofanya.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikarudi. Nauli ya pili, siku ya pili. Muuzaji hakuitazama hata kadi. Alinyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwonyesha picha ya GPU-Z, akasema programu za kwenye mtandao haziaminiki. Nikatoa risiti, na hapa ndipo nilipoelewa mchezo mzima, kwa sababu risiti yenyewe ni ya kuandika kwa mkono na imeandikwa maneno haya tu: “Kadi 1, 290,000”. Hakuna neno GTX, hakuna 1050, hakuna GB 4, hakuna namba ya kifaa. Kwa mujibu wa karatasi ile niliuziwa kadi moja, nami kweli ninayo kadi moja mkononi. Yule winga aliyechukua cha juu chake Jumamosi alidai hanikumbuki. Sitalitaja duka hapa, kwa kuwa malalamiko rasmi nayapeleka panapohusika, lakini ninachotaka kusema kinahusu maduka mengi zaidi ya moja.

Biashara hii ya vifaa vya kompyuta za magemu imejengwa juu ya majina nusu. Muuzaji anakupa sehemu ya jina inayopendeza na kubaki na sehemu inayoeleza ukweli, na anayeumia ni mwenye bajeti ndogo, kwa sababu mwenye milioni nne anaagiza vipya vyenye dhamana na mambo yanaisha.

Chukueni mfano wa RX 580, kadi ambayo watu wengi wa bajeti yangu hushauriana kuinunua. RX 580 ya mwaka 2017 ina viini 2304. Mwaka 2018 AMD, kampuni inayoitengeneza chipu yake, ilitoa nyingine kwa ajili ya soko la China, jina lake kamili likiwa RX 580 2048SP, na kama herufi na tarakimu hizo za mwisho zinavyosema, ina viini 2048, idadi ile ile ya RX 570. Hiyo si kadi bandia, ni kadi halali ya kampuni halali, na kwa bei yake sahihi ningeinunua bila kusita. Tatizo linaanza pale anayeiuza anapozimeza zile tarakimu za mwisho na kutoza bei ya ile kubwa. Nimepita fremu sita siku ile ya Jumatatu, baada ya kufukuzwa, nikiuliza swali hilo moja tu: hii ni 2048SP au ni ile yenyewe? Wawili walisema hawajui tofauti. Mmoja aliniuliza kama nimekuja kununua au kukagua. Nauliza kwa dhati: kosa la mteja anayekagua ni lipi?

Nyingi ya kadi hizo zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali, na zilimwagika sokoni baada ya Ethereum, moja ya sarafu hizo, kuacha uchimbaji wa kutumia kadi za grafiksi tarehe 15 Septemba 2022. Sina ugomvi na kadi iliyochimba. Iliyotunzwa vizuri huendelea kufanya kazi, ingawa feni zake huwa zimechoka na pesti ya kupooza chipu huwa imekauka. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba ni mpya kwa sababu tu imefutwa vumbi.

Upande wa prosesa, ubongo wa kompyuta, ni hivyo hivyo. Neno “i7” limeandikwa kwa kalamu nene kwenye kila kasha la mtumba, na halina maana yoyote bila namba inayofuata. Core i7-2600 ni ya mwaka 2011, ina viini 4 na nyuzi 8 (idadi ya kazi inazoweza kushika kwa wakati mmoja). Core i3-12100F ya mwaka 2022 nayo ina viini 4 na nyuzi 8, na inaiacha i7 hiyo mbali sana. Mzazi anayemnunulia mwanawe zawadi hajui hilo, anajua tu kwamba saba ni kubwa kuliko tatu, na muuzaji anamwacha aendelee kujua hivyo. Na hiyo herufi F mwishoni nayo ielezwe: maana yake prosesa haina grafiksi ndani, na bila kadi hutaona kitu kwenye skrini.

Wapo pia wanaouza kompyuta za maofisini za mtumba na kuziita za magemu, wakimwahidi mteja kwamba kadi ataiongeza baadaye. Atakuja kuiongeza wapi? Dell OptiPlex 7020 na 9020 zina mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) inayopokea umeme kwa plagi ya pini 8 badala ya pini 24 za kawaida, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haiingii bila kutafuta waya wa kubadilishia, na zile zenye kasha jembamba hazipokei kadi isipokuwa zile zenye kimo kifupi, ambazo ni adimu na ghali. Kompyuta hizo ni imara na zimetusaidia wengi wetu kusoma, ila mtu aambiwe mapema.

Pawa saplai ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu kadi bandia inakuibia fedha za kadi peke yake, wakati pawa saplai ya uongo inaweza kuondoka na mazabodi na kila kilichounganishwa nayo. Kasha linauzwa likiwa na pawa saplai “ya wati 500” ndani yake kama nyongeza. Someni kibandiko chake pembeni. Kompyuta ya magemu hula karibu umeme wake wote kwenye laini ya volti 12, na hesabu yake ni nyepesi: volti 12 mara ampea zilizoandikwa. Ile niliyotaka kuuziwa mwezi wa tatu iliandikwa ampea 16 kwenye laini hiyo, ambazo ni wati 192. RX 580 peke yake imekadiriwa wati 185, prosesa ya kawaida 65, jumla 250, na hapo hujahesabu feni wala diski. Pawa saplai ya kweli ya wati 450 huandika ampea 36 hivi. Ongezeni juu ya hilo umeme wetu unaopanda na kushuka, unaokatika na kurudi kwa kishindo, halafu mniambie kama huyu anayesema “inatosha, bosi” anamtakia mteja wake mema.

Najua hoja itakayoletwa, kwa sababu nimeshaisikia: wateja wenyewe wanataka vya bei rahisi. Ndiyo, tunataka, kwa kuwa ndicho tunachokimudu. Ningeambiwa kwamba kadi ile ni GTS 450 ya shilingi 40,000 ningeamua mwenyewe kuichukua au kuiacha. Kuwa na fedha kidogo hakumwondolei mtu haki ya kujua anachonunua. Anayehesabu hadi nauli ndiye anayehitaji kuambiwa ukweli kwa ukamilifu, kwa kuwa hana fedha ya kurekebisha kosa.

Ninachodai hakihitaji mtaji. Risiti iwe ya mashine ya kielektroniki (EFD), na jina la kifaa liandikwe lote, hadi herufi ya mwisho, pamoja na namba yake. Kila duka linalouza kadi liweke mezani mazabodi moja, pawa saplai moja na skrini, mteja aje na flashi yenye GPU-Z, dakika kumi zitumike, ndipo fedha zitoke mfukoni. Mafundi wengi wanayo meza ya namna hiyo tayari kwa ajili ya matengenezo yao. Muuzaji atakayekataa kipimo, tuondoke dukani kwake bila kubishana.

Kwa anayeanza sasa na ana bajeti kama yangu, ningemshauri aahirishe kadi. Achukue prosesa ya Ryzen 5 5600G, yenye viini 6 na grafiksi ndani yake, aiwekee RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya 16, kwa kuwa grafiksi hiyo inaazima kumbukumbu ya RAM na mbili kwa pamoja huipa kasi zaidi, kisha fedha inayobaki iende kwenye pawa saplai ya uhakika. Magemu mepesi yatacheza, na kadi atainunua atakapompata muuzaji anayekubali kupimiwa. Ningekuwa nimefanya hivyo, mdogo wangu asingekuwa anatazama kasha lililofungwa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kushughulikia bidhaa bandia. Alhamisi ninapeleka kwao kadi yenyewe, boksi lake, CD, risiti na picha za skrini. Kama nawe umenunua kadi inayoitwa 1050 Ti na nyuma yake kuna tundu la VGA, ipime leo usiku, piga picha ya matokeo pamoja na risiti yako, na uniandikie hapa chini kabla ya Jumatano jioni ili niyapeleke kwa pamoja.